Filimbi ya Pili Inanyamaza

Jumanne asubuhi, baada ya kahawa, Hermine Obermoser aliifuta meza ya jikoni kwa kitambaa chenye maji ya siki, akaikausha vizuri, akatandaza karatasi za noti. Kazi yake ilikuwa kunakili. Mumewe Kajetan alikuwa kapelimaista wa mji wa Graz, mkuu wa okestra ya mji, na simfonia zake alizitunga katika daftari moja kubwa lenye ala zote pamoja. Hermine alizitoa ala hizo moja moja, kila mpigaji akapata karatasi zake. Fidla za kwanza kurasa arobaini. Baragumu kurasa kumi na nne. Mtu wa ngoma kurasa sita, nyingi zikiwa za kusubiri.

Alinakilia jikoni kwa sababu sebule ilikuwa ya Kajetan, na Kajetan akiwa kazini haingii mtu. Upande wa pili wa meza mpishi, Bozena, mwanamke wa Bohemia mwenye mikono minene, alikuwa akimenya viazi. Chini ya meza Waldl, mbwa wa nyumba, alikuwa anambwekea muuza maziwa aliyepanda ngazi. Mdomo ulifunguka na kufungika, mbavu zikatikisika, sauti haikutoka. Ilikuwa haijatoka tangu Machi ya mwaka juzi, Kajetan alipoongoza Simfonia yake ya Tatu kwa mara ya kwanza.

"Nyamaza, Waldl," Bozena akasema, kwa mazoea tu.

Nyumba ilikuwa imezoea. Simfonia ya Kwanza iliondoka na mlio wa kipandio cha tatu cha ngazi, na watu wa ghorofa ya chini walishukuru. Shairi la okestra lililofuata liliondoka na mvua iliyokuwa ikigonga bati la dirisha la jikoni. Mvua iliendelea kunyesha na bati liliendelea kulowa, ila ukitaka kujua kama kunanyesha ilikubidi utazame. Simfonia ya Pili iliondoka na wimbo wa mama mzazi wa Kajetan. Bibi yule alikuwa na tabia ya kuimba puani akifuma soksi, wimbo usio na maneno, na siku ya onyesho la kwanza hakuwa hata mjini, alikuwa kwa nduguye kijijini, mwendo wa siku nzima. Alikuwa katikati ya kisigino cha soksi, pua ikanyamaza. Aliishi miaka miwili zaidi akifuma bila sauti, na padri alimwambia Mungu anasikia hivyo hivyo. Siku ya mazishi yake okestra ilipiga kile kipande chenye wimbo wake. Watu walisema, jamani, ni kama yupo.

Ilikuwa mara ya kwanza tu. Mazoezi hayakuchukua kitu. Onyesho la pili nalo halikuchukua kitu, na Kajetan hakuliongoza kamwe, aliwaachia wengine. Alisema kazi ikishasikika mara moja imekwisha, kinachobaki ni kuirudia.

Asubuhi ile Hermine alikuwa amefika kwenye filimbi ya pili, Simfonia ya Nne, sehemu ya tatu. Filimbi ya pili haikuwa na kazi katika sehemu ile isipokuwa mahali pamoja, karibu na mwisho. Hapo ala zote zinaacha, nayo inabaki peke yake kwa vipimo vinane, vile vyumba vidogo vinavyougawanya mstari wa noti. Hermine aliandika chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Noti zilipanda ngazi tatu kwa haraka, zikasimama, zikafanya kama kwikwi, kisha zikashuka zikikimbizana. Kalamu yake ikakwama.

Akaziimba polepole, kwa sauti ndogo.

Bozena hakuinua kichwa. "We Vroni, umepanda saa ngapi? Si nimekuacha uani? Viatu vina tope, toka hapa."

"Vroni yuko uani, Bozena."

"Nimemsikia anacheka."

"Ni mimi. Nimesoma hapa."

Bozena akaweka kisu chini. Akaitazama karatasi, ingawa noti hakuzijua, akapangusa mikono. "Basi bwana kamchukua na mtoto," akasema, akaendelea na viazi.

Vroni, binti wa Hermine na Kajetan, alikuwa na miaka sita. Hakuwa mtoto mzuri wa kutazamwa, meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, lakini alikuwa na kicheko ambacho watu wa ghorofa zote nne walikijua. Muuza maziwa alikuwa akimtekenya kwa makusudi ili aanze nacho siku.

Mchana walikula nyama ya kuchemsha na rojo la tufaha. Hermine alisubiri mtoto ashuke uani.

"Kajetan. Filimbi ya pili, sehemu ya tatu."

Uso wa mumewe ukachangamka. "Umeiona? Nzuri, eh? Ile kwikwi ilinitesa wiki mbili."

"Ni ya Vroni."

"Ndiyo."

"Mwachie mtoto kicheko chake, mume wangu."

"Mbona sijakigusa? Anacho. Mpaka Jumapili ya onyesho, tarehe kumi na mbili, anacho." Akajiongezea rojo. "Na mimi sichukui, Hermine. Mimi naandika ninachosikia."

"Ukishakiandika na kukipiga, hakisikiki tena."

"Kinasikika ukumbini. Hapa nyumbani kinasikiwa na nani? Wewe, mimi na mpishi. Pale ni watu mia nane, na wengine wanatoka Vienna."

"Ni chake."

"Ana miaka sita. Atapata kingine."

"Mama yako hakupata kingine."

"Mama alikuwa na miaka sabini," Kajetan akasema kwa upole. Hakuwa mtu mkali. Alimbusu mkewe kwenye paji la uso, akalisifu rojo, akarudi sebuleni kwenye joto.

Nawe usidhani Kajetan alikuwa mtu mbaya, kwa sababu ndipo watu wanapokosea. Hakupiga, hakulewa, hakutukana. Hermine alipoolewa, miaka tisa nyuma, alikuja na piano na nyimbo saba alizotunga mwenyewe. Watu wakisema mumewe alimkataza wanamsingizia. Yeye alihamishia meza yake chumba chenye piano, tu, kwa kuwa ndicho chenye mwanga, akafunga kifuniko na kuweka wino juu yake. Zile nyimbo zilikuwa zimeandikwa upande mmoja wa karatasi, na upande wa pili ulikuwa mweupe, basi pakaandikwa orodha za sokoni. Hermine hakusema kitu. Mezani wageni walipoongea muziki alipitisha supu. Barabarani walimwita Bibi Kapelimaista, kama mji ule unavyowaita wake kwa vyeo vya waume zao, na kuna watu waliomjua miaka yote hiyo bila kujua anaitwa Hermine. Alikaa kimya mwaka wa kwanza kwa heshima, wa pili kwa uchovu, na kuanzia wa tatu ikawa ni hali yake.

Usiku na mchana akatafuta njia. Kumtoa mtoto mjini hakungesaidia. Bibi yake alikuwa kijijini na bado wimbo ulimtoka. Kuchoma karatasi hakungesaidia, kwa kuwa Kajetan alikuwa nayo yote kichwani na mjini kulikuwa na wanakili wengine. Siku ya Alhamisi, mazoezi yalipokwisha, akaenda kumngojea Bwana Pfandl kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi.

Alois Pfandl alikuwa mpiga filimbi ya pili. Alitoka akiwa na soseji kwenye karatasi.

"Bwana Pfandl, nina ombi. Jumapili ukifika kwenye vile vipimo vinane, usipige."

Pfandl alitafuna mpaka akamaliza. "Nisipige?"

"Ukae kimya tu. Vinane, basi."

"Bibi Kapelimaista, kiti kile nimekikalia miaka thelathini na moja. Sijawahi kupiga kisichoandikwa wala kuacha kilichoandikwa. Mwaka mmoja mnakili alikosea akanipa karatasi za tarumbeta. Nikazipiga."

"Ikawaje?"

"Kapelimaista wa wakati ule akanisifu."

"Na kama imeandikwa ukae kimya?"

"Imeandikwa kimya, nanyamaza. Imeandikwa mbwa, nabweka." Akakunja karatasi ya soseji ikawa ndogo kabisa. "Mimi nasoma, mama. Kufikiri ni kazi ya mwenye kijiti cha kuongozea."

Jumamosi asubuhi yalikuwa mazoezi ya mwisho, na Pfandl alizipiga noti zote vizuri. Mchana, mlinzi wa ukumbi akiwa anakula, Hermine aliingia na kisu chake kidogo cha kukwangulia wino. Hakuulizwa kitu, alikuwa akija kila mara kusahihisha makosa. Kwenye kinara cha kuwekea noti cha filimbi ya pili aliitoa ile karatasi ya sehemu ya tatu, akaweka mpya. Juu aliandika namba tatu ya Kirumi. Chini yake aliandika neno moja la Kilatini ambalo wapigaji wote wa nchi zile wanalijua hata kama hawajui jingine: tacet, maana yake ananyamaza. Neno hilo likiandikwa, mpigaji anaweka ala magotini na kungojea sehemu inayofuata. Hermine aliliandika kwa mwandiko wake mzuri, akalipulizia likauke.

Onyesho lilikuwa Jumapili saa sita na nusu mchana, baada ya misa, kama ilivyo desturi ya mji. Vroni aliachwa nyumbani na Bozena. Hermine alikaa mahali pake, kwenye kisanduku cha kushoto, kile kijumba cha watazamaji wa heshima kilicho juu ya viti vingine, chini ya picha ya Kaisari. Kajetan akatoka amevaa koti jeusi, akapigiwa makofi, akainua kijiti. Sehemu ya kwanza ikapita na sehemu ya pili ikapita. Sehemu ya tatu ilipokaribia mwisho, fidla ziliacha, baragumu zikaacha, akabaki Pfandl.

Pfandl alikuwa amekaa wima, filimbi magotini.

Kajetan akapiga kipimo cha kwanza. Kimya. Akamtazama Pfandl, Pfandl akaitazama karatasi. Mkono wa kushoto wa Kajetan ukamwita kwa vidole viwili, kama mtu anavyomwita paka. Pfandl hakuondoa macho kwenye karatasi. Katika onyesho la kwanza mwongozaji hakatizi, maana akikatiza watu mia nane wanajua. Kwa hiyo Kajetan aliendelea. Alipiga kipimo cha tatu na cha nne. Cha tano alikivuta kidogo. Cha sita alikikuza kwa mkono wa kushoto, cha saba akakituliza. Alikiongoza kimya kile vizuri kuliko alivyopata kuongoza kitu chochote. Hakuna aliyekohoa. Mwanamke mmoja wa viti vya mbele alianza kulia, na mumewe akampa leso huku na yeye akilia.

Hermine alikuwa anahesabu. Kwenye kipimo cha saba alisikia kitu kikimtoka kooni, bila maumivu, kama uzi unavyochomoka kwenye sindano. Alidhani ni wasiwasi unamtoka.

Makofi yalikuwa bado yanapigwa alipokuwa barabarani. Alivuka daraja la mto Mur karibu akikimbia, kofia mkononi. Alipoingia mlango wa chini wa nyumba yao, alisimama kwenye ngazi akasikiliza. Juu, ghorofa ya tatu, kicheko kilipanda ngazi tatu, kikasimama, kikafanya kwikwi, kikashuka kikikimbizana.

Akataka kumshukuru Mungu moyoni. Akajisikia anashukuru kwa sauti.

Alipanda akishukuru. Alimkumbatia mtoto akimwambia kwamba amemkumbatia, na kwamba nywele zake zinanuka moshi, na kwamba Bozena amechoma unga. Alikaa kwenye kiti akasema anakaa. Alisema kwamba viatu vinambana, na kwamba vilimbana hata siku ya harusi, na kwamba siku ya harusi alitaka kurudi nyumbani kwa sababu ya viatu na kwa sababu nyingine. Bozena alimtazama.

"Bibi, pumua."

"Nimejaribu kunyamaza tangu mlango wa chini," Hermine akasema, "na sijui kimya changu nimekiweka wapi."

Jioni hiyo hiyo alilielewa jambo lenyewe, naye alilielewa kwa sauti, jikoni, mtoto akiwa anakula mkate na maziwa. Mtu aliyekulia kwenye noti anajua kwamba kimya nacho huandikwa. Kina alama zake, kinahesabiwa, mpigaji anakosea akikivunja. Yeye alikuwa amekiona kimya kama mahali patupu, kwa sababu kwake kilikuwa kimezagaa kila chumba. Alikuwa ameweka kimya mahali pa kicheko, kwa mkono wake mwenyewe. Kikapigwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu mia nane, na kimya kile kilikuwa na mwenyewe. Kilikuwa cha miaka tisa.

Kajetan alirudi na wageni watatu: mwenyekiti wa chama cha muziki, mkewe, na bwana wa gazeti. Alikuwa na furaha. Njiani tayari alikuwa ameambiwa kwamba vile vipimo vinane vilikuwa ni ujasiri mkubwa, na alikuwa amejibu kwamba alivifikiria kwa muda mrefu. Mezani Hermine alipitisha supu akasema.

"Ule ujasiri ni wangu, niliibadilisha karatasi jana mchana kwa sababu mume wangu alikuwa anamchukulia mtoto kicheko, kama alivyomchukulia mama yake wimbo, na Waldl huyo hapo chini mnaweza kumkanyaga mkia mjaribu. Na mimi nilikuwa na nyimbo saba. Ya tatu ilikuwa nzuri. Upande wa pili wameandika vitunguu."

"Bibi Kapelimaista amechangamka leo!" mwenyekiti akasema.

"Ni furaha ya mume," mkewe akasema. "Hata mimi yule wangu alipochaguliwa sikulala."

Bwana wa gazeti alijipangusa masharubu. "Nyimbo saba! Bibi, kila nyumba ya Graz ina mwanamke mwenye nyimbo saba kwenye droo. Hii supu ina nini ndani?"

"Ini na majani ya mlimani," Hermine akasema, "nami nasema kweli."

"Inaonekana," yule bwana akajibu, akaomba nyingine.

Kajetan hakukasirika. Kesho yake alichukua daftari kubwa, akazifuta noti za filimbi ya pili, akaandika kimya cha vipimo vinane kwa mkono wake, na akaweka tarehe ya mwaka uliopita. Bwana Pfandl alipandishwa cheo.

Hermine aliongea majira yote ya baridi. Aliongea akikanda unga, akipanda ngazi, akioga. Usingizini aliongea polepole. Kanisani, padri alipoinua mwili wa Bwana na watu wote wakainama, sauti yake ilibaki peke yake juu ya vichwa, ikieleza bei ya kitambaa cha sufi na jinsi alivyoogopa kujifungua. Padri akampangia nafasi ya pembeni, nyuma ya nguzo, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga. Daktari alisema ni neva, akamshauri hewa ya milimani. Bozena alitia pamba masikioni na kuzitoa wakati wa kuulizwa chumvi. Shoga zake wachache waliokuwa wakimtembelea waliendelea kuja kwa muda, wakawa wanasema wao kwa wao, yeye akisema upande wake, kama watu wawili wanaofua mto mmoja, huyu juu, huyu chini. Kisha wakaacha kuja. Mtu anaweza kuongea toka alfajiri mpaka taa zizimwe na asiambiwe neno.

Vroni peke yake ndiye aliyejibu. Alikuwa akikaa chini ya meza na Waldl, anacheza na vifungo, na kila baada ya muda anasema "ndiyo, Mama," au "hapana, Mama," kulingana na inavyokuja.

Kajetan alihamishia meza yake chumba cha mwisho na kuziba mlango kwa blanketi. Ilikuwa hivyo mpaka Februari. Kisha siku moja Hermine aliona blanketi limeondolewa. Wiki iliyofuata meza ilikuwa imerudi sebuleni, na mlango wa jikoni ukawa unaachwa wazi. Kajetan alikuwa amekaa upande wa meza, kichwa kimeinama kidogo, anamsikiliza mkewe.

Hermine alifurahi. Lazima isemwe, alifurahi, wala asionekane mjinga. Miaka kumi mtu hajakusikiliza, halafu amekaa pale, ameinamisha kichwa, hata ukimaliza anangoja zaidi. Mchana ule wote alimweleza mumewe mambo ambayo hakuwa amemweleza mtu: jinsi baba yake alivyokuwa akipiga piano kwa mkono mmoja, jinsi wimbo wa tatu ulivyomjia akianika nguo. Sauti yake ikawa nzuri. Mwenyewe aliisikia. Ilipofika saa ya kahawa aligeuka kumwekea sukari, ndipo akaona mkono wa kulia wa Kajetan. Ulikuwa na penseli.

"Endelea," Kajetan akasema. "Hapo kwenye nguo. Ilishuka vizuri hapo."

Ilikuwa ni Simfonia ya Tano. Fidla nene, zile za sauti nzito, zilikuwa nayo karibu yote, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kupumzika. Onyesho la kwanza lilipangwa Jumapili ya pili ya Majilio, kabla ya Krismasi, na karatasi zilipoletwa jikoni Hermine alizinakili, kwa kuwa hakukuwa na mnakili mwingine nyumbani. Alinakili akiongea. Mara nyingine aliandika noti na kuisema kwa wakati mmoja.

Bozena alitoa pamba sikio moja. "Bibi, weka tena lile neno lako la Kilatini."

"Nikiandika kimya," Hermine akasema, "kitakuwa cha nani sasa? Mimi sina tena. Wewe una chako cha jikoni, lakini yeye hajawahi kusikiliza kimya cha mpishi. Aliyebaki nacho nyumba hii ni yule mtoto chini ya meza. Sitaandika."

Bozena akarudisha pamba.

Basi kilichobaki ni muda, na Hermine aliutumia. Kuanzia kiangazi hakuongea tena ovyo. Alimtoa Vroni chini ya meza, akamkalisha juu ya kiti, akamwambia mambo kwa mpangilio, kama mtu anayefunga sanduku la safari. Jinsi ya kujua mkate umeiva kwa kuugonga. Damu itakapokuja, ni nini na si nini. Kwamba wimbo wa tatu unaanza hivi. Kwamba akiandika kitu chake aandike pande zote mbili za karatasi, asiache nyeupe. Kwamba mtu anayepiga kelele anaonekana kutoka mbali na unaweza kumkimbia, lakini mtu mpole anayekusikiliza sana, mtazame mikono.

"Mama, hilo umeshaniambia."

"Nakuambia tena."

"Umeniambia jana mara nne."

"Sema basi, nikusikie."

Na Vroni akasema, neno kwa neno, mpaka na pale mama yake alipokuwa akivuta pumzi.

Jumapili ya pili ya Majilio theluji ilikuwa imeanguka asubuhi. Mtoto alikuwa ameshatimiza miaka saba, akapelekwa ukumbini kwa mara ya kwanza, amevaa koti la bluu. Wahudumu walikuwa wameambiwa kuhusu Bibi Kapelimaista, hawakumsumbua. Kajetan alitoka, akapigiwa makofi, akageuka, akainua kijiti. Kwa desturi yake alingoja ukumbi utulie. Ukatulia wote isipokuwa kisanduku cha kushoto, ambako Hermine alikuwa anamwambia Vroni kwamba viatu vya baridi vya mwaka huu vinunuliwe vikubwa kidogo, vidole vikue, na visinunuliwe kwa yule wa karibu na daraja, kwa sababu yule

Kijiti kikashuka.

Fidla nene zikachukua. Mdomo wa Hermine uliendelea kidogo, kisha ukafungika. Alikaa, mikono juu ya mkoba. Watu walisema baadaye kwamba hawajapata kusikia ala zinazoongea namna ile, kwamba ilikuwa kama mtu anakueleza maisha yake yote chumbani kwako, na wengi walisema walijihisi wapweke lakini kwa uzuri. Wakati wote huo Vroni alikuwa ameinama kwenye ukingo wa kisanduku, na midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na fidla. Alikuwa anaijua yote. Mahali pa wimbo wa tatu alitabasamu.

Walirudi kwa miguu, kama kawaida, Kajetan mbele hatua kumi na watu wakivua kofia kumsalimu, Hermine na mtoto nyuma. Theluji ilikuwa laini. Hermine alifungua mdomo mara mbili, akaufunga, akamkaza mtoto mkono. Vroni akamtazama usoni, akangoja, akaona hakuji kitu. Basi akaanza yeye. Alisema viatu vitanunuliwa vikubwa kidogo, vidole vikue. Alisema vya yule wa karibu na daraja nyayo zake zinabanduka, maana ndivyo Mama alivyokuwa anataka kusema. Alisema mkate unagongwa chini, si juu. Sauti yake ilikuwa ya mtoto, nyembamba, lakini ilishuka mahali mama yake alipokuwa akishukia, ikasimama aliposimama.

Mbele yao, Kajetan akapunguza mwendo.